Pimbi na Spika Iliyovuka Mlango

Masikio!
— Yapo!
Ya kusikia au ya kupambia kichwa?
— Ya kusikia!
Basi yategeni.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Kiboko alifungua duka la spika kando ya mto. Lilikuwa duka pekee la aina hiyo kutoka majabalini mpaka kivukoni. Ndani aliweka kiti kimoja cha wateja wakubwa. Juu ya mlango alimweka Kasuku.

Kasuku alikuwa amefundishwa kauli mbili. Mteja akiingia, alisema: "Unanunua au unaangalia?" Mteja akitoka, alisema: "Kilichovuka mlango hakirudi! Karibu tena!"

Akaja Nyati. Kiboko akamvutia kiti, akamletea chai. Akaja Kanga. Kiboko akamwambia: "Usiguse." Akaja Kobe. Kiboko hakumwona.

Jumatano akaja Pimbi. Pimbi anaishi kwenye majabali, ni mdogo kama sungura, na mkia hana. Kwa mkono mmoja alishika debe la asali, kwa mwingine kanda ya kaseti.

Kanda ile ilikuwa ya bibi yake, Bi Mize. Ndani yake marehemu mumewe alikuwa akiimba. Redio yao nyumbani ilitoa krrr, krrr, na katikati ya krrr kitu kama mbu. Na Bi Mize alikuwa anaanza kuwa kiziwi.

"Mjukuu wangu," alikuwa amemwambia, "masikio yangu yanafungwa. Nataka nimsikie babu yako mara moja kabla hayajafungwa kabisa."

Basi Pimbi akaingia.

"Unanunua au unaangalia?" akauliza Kasuku.

"Nasikiliza," akajibu Pimbi.

Kasuku hakuwa amefundishwa la kusema hapo.

"Redio ndogo ndogo ziko soko la chini," akasema Kiboko bila kugeuka.

"Shikamoo, mzee. Mimi nataka ile pale, ya mbao za mninga, yenye mahali pa kuweka kanda."

"Ile? Ile inakuzidi uzito wewe na ukoo wako wote."

"Sikuja kuipima uzito, mzee. Nimekuja kuisikia."

Kiboko akataka kucheka. Pua yake ikapata harufu ya asali. Akageuka.

"Karibu, mheshimiwa! Kasuku, mbona hukuniambia kuna mheshimiwa?"

Kanda ikawekwa. Spika ikaguna: duuu. Pimbi akamsikia babu yake akivuta pumzi, fyuu, kabla ya kuimba. Akasikia mguu wake ukigonga jabali, ti, ti, ti. Halafu babu akaimba.

Pimbi akalipa pale pale. Ilikuwa asali yake yote ya mwaka ule.

"Hii ni ya kusikilizia tu," akasema Kiboko. "Yako iko stoo, mpya, ndani ya boksi. Usilifungue hapa, utaharibu sili ya kiwandani."

Pimbi akalisukuma boksi mpaka majabalini, kru, kru, kru. Akalifungua mbele ya bibi yake. Ndani kulikuwa na mawe ya mtoni, yamefungwa kwa nyasi.

Bi Mize akasogeza sikio.

"Ameanza kuimba?"

"Bado, Bibi," akasema Pimbi.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Pimbi akarudi dukani.

"Mzee, boksi lina mawe."

"Lilipotoka hapa lilikuwa na spika," akasema Kiboko. "Kati yangu mimi na ninyi, nani anaishi kwenye mawe?"

"Kilichovuka mlango hakirudi!" akasema Kasuku. "Karibu tena!"

Pimbi akatoka. Nyuma ya duka akawakuta Kobe, Kanga na Digidigi, kila mmoja amekalia boksi.

"Mawe?" akauliza Pimbi.

"Mawe," akasema Kobe.

"Mawe," akasema Kanga.

"Mimi mawe na nyasi," akasema Digidigi. "Nyasi nimekula."

Pimbi hakulia. Aliwaambia neno moja tu: Jumamosi waje na maboksi yao, na wamwambie kila aliyeuziwa mawe aje na lake.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Pimbi akasimama tena mbele ya Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Mjomba wangu Tembo anataka kuisikia ile spika."

Kiboko akacheka mpaka vikombe vya chai vikalia, cha-cha-cha.

"Tembo mjomba wako? Mmefanana wapi, puani?"

"Kwa upande wa mama, mzee. Yuko nje."

Kiboko akachungulia. Tembo alikuwa nje.

"Mwambie aingie!"

"Mlango haumtoshi."

"Atanunua?"

"Anataka kuisikia, mzee. Nimesema kuisikia."

Kiboko hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama masikio ya Tembo. Aliona kwamba mwenye masikio kama yale angeweza kununua duka zima. Akaikumbatia spika ya mninga na betri yake, akaibeba mwenyewe, pu, pu, pu, mpaka mlangoni.

"Kilichovuka mlango hakirudi!" akasema Kasuku. "Karibu tena!"

"Nyamaza wewe, ni mimi!"

"Karibu tena!" akasema Kasuku.

Spika ikatua kwenye mchanga. Kiti kikaletwa. Tembo akakikalia mara moja, kra! Chai ikaletwa. Pimbi akaweka kanda. Duuu. Fyuu. Ti, ti, ti. Sauti ya babu ikavuka mto, na wanyama wakatoka vichakani. Wengi wao walibeba maboksi.

Wimbo ukaisha. Kiboko akafuta jasho.

"Mheshimiwa Tembo, tukufungie?"

"Hapana," akasema Tembo. "Mimi naangalia tu."

Kiboko akainama ainyanyue spika yake. Juu yake alimkuta Pimbi ameketi.

"Mzee, spika hii imevuka mlango?"

"Si umeniona nimeibeba mwenyewe!"

"Kasuku, unasemaje?"

"Kilichovuka mlango hakirudi!"

"Mimi nililipia spika niliyoisikia," akasema Pimbi. "Niliyoisikia ni hii. Mawe yako yale pale, nimekuletea."

Kiboko akafungua kinywa, na kinywa cha Kiboko mnakijua. Tembo akasogea hatua moja. Kiboko akakifunga.

"Sheria ile ni ya wateja," akasema.

"Basi tuifute, mzee. Tamka kwamba haipo, spika irudi ndani. Na maboksi nayo yarudi ndani."

Kobe akasogeza boksi lake mbele. Kanga akasogeza lake. Digidigi akasogeza lake. Nyuma yao foleni ilifika kivukoni. Katikati ya foleni alisimama Nyati, yule wa kiti na chai. Naye alikuwa na boksi.

Kiboko akatazama spika. Akatazama foleni. Akatazama spika.

"Sheria ipo," akasema.

"Kwa hiyo spika hairudi?"

"Hairudi."

"Asante kwa huduma, mzee."

Kiboko akageuka aingie dukani kwake. Kasuku akatandaza mabawa.

"Unanunua au unaangalia?"

"Toka hapo! Naingia kwangu!"

"Bwana Kiboko," akasema Tembo, "na wewe umevuka mlango."

Foleni yote ikaitikia kwa sauti moja: "Kilichovuka mlango hakirudi!"

"Na akirudi yeye," akasema Kobe, "nyuma yake naingia mimi na boksi langu."

Kiboko akageuka tena. Halafu akashuka mtoni, chubwi.

Saa tisa alasiri Tembo akaifikisha spika majabalini. Bi Mize akaweka sikio kwenye mbao. Fyuu. Ti, ti, ti. Babu akaimba mpaka mwisho. Bi Mize hakuondoa sikio. Pimbi akadhani hakusikia.

"Bibi?"

"Anakosea palepale," akasema Bi Mize. "Maisha yake yote alikosea palepale. Rudisha mwanzo."

Funzo la hadithi hii ni moja. Mwenye duka ana haki siku zote, msibishane naye. Sheria yake mwifuate neno kwa neno, hasa mkiwa wadogo.

Kiboko bado yuko mtoni. Mchana kutwa anaacha masikio juu ya maji, anasikiliza kama foleni imeondoka. Leo saa tatu asubuhi ilikuwa haijaondoka.

Hadithi yangu imevuka mlango!
— Hairudi!
Karibuni tena.