Nani Awe Somo wa Mtoto wa Nyamizi?

Wenye njegere za kumenya waendelee kumenya. Masikio hayana kazi, yanisikilize.

Mtaani kwa Nyamizi walikuwako wanawake watatu. Kalunde, wifi yake, alijaliwa pua: hakuna chungu kilichofunikwa asijue kina nini. Siwema, anayewapima wajawazito kwa mashine ya picha, alijaliwa macho. Mwamvua, jirani wa ukuta mmoja, alijaliwa damu moto: hagombani kidogo, wala hasaidii kidogo. Nyamizi mwenyewe alijaliwa ulimi mwepesi wa kuahidi.

Mimba mbili zilikwisha kumtoka. Mwezi mmoja akaona matone ya damu, akadhani ni uchafu, akachemsha mizizi ya kusafisha kizazi. Kalunde akaingia bila hodi, akanusa kikombe, akakimwaga uani.

"Unanichunguza hadi kikombe, wifi?"

"Hadi tumbo. Hedhi yako haijawahi kuwa matone. Mimba ikijichimbia kwenye ukuta wa kizazi huweza kutoa damu kidogo. Twende ukapimwe."

Ilikuwa mimba. Nyamizi, aliyekuwa akimwita wifi yake mdaku mbele za watu, alishindwa kumtazama. "Usimwambie mtu," akasema. "Ikishika, mtoto ni somo yako."

Na somo si jina tu. Ndiye humtoa mtoto nje mara ya kwanza, na mtoto akiwa mwari ndiye humfunda. Hawawi wawili.

Mimba ikashika, ila ilishika chini. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, likaota mizizi yake juu ya mlango wa kizazi. Nyamizi hakuhisi kitu. Alishapanga kuzalia kwa mama yake. Tumbo lilipokuwa kubwa, Siwema akaona.

"Dada, kondo limelala mlangoni. Mtoto akilazimisha kupita litabanduka, na damu haitazuilika. Utazaa kwa kupasuliwa."

"Mama yangu amezalisha kata nzima."

"Kata nzima haikuwa na kondo mlangoni."

Nyamizi akalia, na ulimi ukafanya kazi yake. "Nikipona, mtoto ni somo yako. Usimwambie mtu."

Damu ikaanza kabla ya siku ya upasuaji. Hospitalini, damu ya kundi lake ilikuwa imekwisha. Ya mumewe haikufaa, ya Kalunde haikufaa. Mwamvua akafika na kandambili zake, akanyoosha mkono, na yake ikafaa. Huyu ndiye ambaye Nyamizi alimzushia mtaa mzima kwamba alizitoa zile mimba mbili kwa uchawi.

"Nisamehe, mwenzangu," Nyamizi akanong'ona akisukumwa kuingia chumba cha upasuaji. "Akizaliwa, ni somo yako."

"Zaa kwanza," akasema Mwamvua.

Alizaa mtoto wa kike, mzima. Siku ya kumtoa nje wakaja wote watatu, kila mmoja na kanga mpya ya kumpokelea. Waliziona kanga za wenzao, wakaelewa.

"Haya, mkwe," akasema mama mkwe, mtoto mikononi. "Nimpe nani?"

"Mimi," akasema Kalunde. "Bila pua yangu angekuwa anachemsha mizizi mpaka leo."

"Na bila macho yangu ungezika wawili," akasema Siwema.

Mwamvua alianza kuikunja kanga yake. "Mpeni mnayemtaka. Mimi damu nilitoa, sikuuza."

"Usijifanye mpole leo, mama," akasema Kalunde. " Ukikosa utatusema mwaka mzima."

"Miwili," akasema Mwamvua, lakini hakucheka, na kanga aliikunja vibaya.

Nyamizi aliutazama mkeka. Ulimi ule mwepesi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Mkwe, mtoto ananielemea."

Basi nijibuni, njegere zimebaki chache. Mmoja aliilinda mimba ilipokuwa inajishikiza, mmoja aliliona kondo lilipoziba mlango, mmoja alitoa damu lilipobanduka. Angekosekana yeyote kati yao, asingekuwapo mtoto wa kugombewa. Je, ungekuwa wewe Nyamizi, ungempa nani? Na wale wawili watakaorudi na kanga zao, ungewatazama kwa macho gani?