Pole ya Kupita na Pole ya Kukaa

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma huko sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, watoto sogeeni. Na nyie wakubwa mnaojifanya mnachambua maharage, najua mnasikiliza. Chambueni, lakini masikio nipeni mimi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana kila asubuhi, palikuwa na kilima cha mawe. Juu ya kilima hicho aliishi pimbi mmoja na mtoto wake wa kike. Mtoto aliitwa Sikudhani. Mama naye jina lake lilikwisha kusahaulika, akaitwa Mama Sikudhani.

Baba je? Baba alisema anakwenda kutafuta jiwe lenye jua zuri zaidi. Mpaka leo anatafuta.

Sikudhani alikuwa na kifua. Baridi ikiingia, kinabana. Vumbi likipita, kinabana. Akicheka sana, kinabana. Fiii, fiii, fiii, kama mlango uliokosa mafuta.

Mama akampeleka kwa Korongo, mganga wa bondeni. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akasikiliza. Fiii, fiii.

"Mama Sikudhani, nisikudanganye," akasema. "Huu si ugonjwa wa leo na kesho. Atakua nao. Muoteshe jua asubuhi, mkalishe wima kifua kikibana, mpe majani ya mvumbasi mabichi. Ukifanya hivyo ataishi. Ukiacha..."

Korongo akabadilisha mguu.

Mama hakuacha. Asubuhi anambeba mtoto mpaka juu ya jiwe penye jua. Mtoto anaota jua, mama anatazama angani, maana Tai naye huamka asubuhi, na hakuna nyama Tai aipendayo kama ya pimbi. Jua likigeuka, anamficha mtoto kwenye ufa wa mwamba, anashuka bondeni kutafuta mvumbasi. Mbio, mbio! Moyo du-du-du. Mbio, anarudi. Giza likiingia, anamkumbatia wima kifuani mpaka kunakucha. Kula? Alikula njiani. Kulala? Kulala alikusahau.

Majirani walijua. Na majirani walikuwa na adabu, tusiwasingizie.

Akapita Bi Kanga, kwa-kwa-kwa.

"Mama Sikudhani! Nasikia mtoto bado kifua. Pole na kuuguza!"

"Nishapoa, Bi Kanga."

"Haya." Kwa-kwa-kwa, akaenda zake.

Akapita Pundamilia, tifu-tifu-tifu.

"Shemeji, pole sana, shemeji!"

"Nishapoa, shemeji."

"Ah, uchungu wa mwana aujuaye mzazi!" Tifu-tifu-tifu, akaenda zake.

Akapita Ngiri, mkia juu. Huyu hakupunguza hata mwendo.

"Poleee!"

"Nishapoooa!"

Mbona mnacheka? Na wewe ukiambiwa pole, utajibu nini? Tumefundishwa hivyo tangu tunanyonya. Mtu kaanguka chali, magoti yanatoka damu. "Pole!" "Nishapoa!" Hajapoa hata kidogo, lakini ndiyo adabu. Na Mama Sikudhani alilelewa akaleleka.

Sasa sikilizeni mambo ya kisimani. Wanyama walikutana kunywa maji.

"Mama Sikudhani vipi?" akauliza Ngiri.

"Nimempa pole, kasema kapoa," akajibu Bi Kanga.

Pundamilia alikuwa anakunywa, pua na sikio vyote vimo majini. Akasikia vyake. "Kapona? Mungu mkubwa!"

"Sikudhani kapona!" akadaka Ngiri.

"Kapona! Kapona!"

Kapoa, kapona. Ulimi umeteleza kidogo tu, na mtoto mgonjwa kawa mzima.

"Basi kama kapona," akasema Pundamilia, "yule mama kutwa nzima anafanya nini juu ya jiwe?"

"Anaota jua," akasema Ngiri. "Pimbi ni wavivu tangu enzi."

Wakacheka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama uko kichwani kwake, unauona mwepesi.

Na Mama Sikudhani alikuwa nyuma ya matete, amesikia yote. Mdomo wake umejaa mvumbasi. Alitaka kusema, "Hajapona!" Lakini akifungua mdomo, dawa inaanguka matopeni, na mtoto yuko peke yake kwenye ufa. Akayameza maneno, majani akayabana. Akageuka, akakimbia, machozi yanamtoka. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na hasira pia. Asije mtu akawaambia kwamba mama mwema hana hasira.

Tangu siku ile hakupita mtu tena, hata wa kusema pole. Nani ampe pole aliyekwisha pona?

Mama akakonda. Manyoya yakapukutika. Juu ya jiwe macho yakawa yanajifumba yenyewe. Akawa anakalia mwiba ili asisinzie. Hata hivyo siku moja akasinzia. Akashtuka, kivuli kinapita juu yao. Vuuu! Akamrukia mtoto, wakaporomoka wote wawili ufani. Tai akakosa kidogo tu.

Mama akampapasa mtoto mwili mzima, hana jeraha. Akajiambia, "Nikilala, nimemwua mwanangu. Nisipolala, nakufa mimi, na yeye atakufa nyuma yangu."

Kesho yake, nani yule anakuja? Kwaru... kwaru... kwaru... Bi Kobe! Alikuwa ameanza safari ya kuja kutoa pole kabla hata ya mambo ya kisimani. Ndiyo kwanza anafika. Na habari za kapona hakuzipata, maana Bi Kobe masikio yake ni mazito.

"Pole na kuuguza, Mama Sikudhani."

"Nishapoa, Bi Kobe."

"Eti?"

"Nishapoa!"

"Paza sauti, mwanangu. Eti?"

Mama akafungua mdomo mara ya tatu. Neno likakataa kutoka.

"Sijapoa!" akapiga kelele. "Sijapoa, Bi Kobe! Sijapoa hata kidogo!"

"Ahaa," akasema Bi Kobe. "Hilo nimelisikia." Akajishusha chini, pu! "Haya, nieleze. Unaniona mimi nina haraka?"

Mama akaeleza yote, analia na kueleza. Bi Kobe hakumwambia Mungu atajaalia, hakumwambia avumilie. Akasema:

"Mvumbasi siwezi kukuletea, utafika umekauka. Lakini mgongo ninao. Mlete mtoto hapa chini ya shingo yangu, jua linafika. Wewe lala."

"Na Tai?"

"Tai tunajuana. Lala."

Mama akajinyoosha juu ya jiwe, akalala palepale. Yaliyofuata hakuyaona, alikuja kusimuliwa.

Vuuuu! Tai huyo! Gwa! Kucha juu ya gamba. Sikudhani kajikunyata chini, fiii, fiii. Gwa! Tena! Bi Kobe akapiga ukunga:

"Majirani weee! Tunakufa huku!"

Kwa-kwa-kwa! Tifu-tifu-tifu! Wakaja wote mbio. Pundamilia akarusha teke, Tai akaacha manyoya mawili, akakimbia.

Na Mama Sikudhani hakuamka. Gwa zote zile, hakuamka. Wakadhani amekufa. Bi Kanga akainama: anapumua. Wakaziona mbavu zake. Wakauona mwiba aliokuwa akiukalia. Kisha wakasikia: fiii, fiii.

"Si alikwisha pona huyu?" akauliza Pundamilia.

"Mama yake aliniambia kapoa," akasema Bi Kanga. "Kwa mdomo wake."

"Bi Kanga," akasema Bi Kobe, "mguu wako uliponaswa mtegoni, nilikupa pole. Ulijibu nini?"

Bi Kanga akatazama chini. "Nishapoa."

"Ulikuwa umepoa?"

"Mguu ulikuwa unaning'inia, Bi Kobe."

Ngiri akashusha mkia.

Hakuna aliyehutubia. Bi Kanga alipanda jiwe la juu kabisa akakodolea macho mbingu, na yeye akiona Tai husikika mpaka ng'ambo. Pundamilia alishuka bondeni kuleta mvumbasi, akarudi na majani ya kawaida, tena nusu. "Nilionja," akasema. Wakamrudisha. Ngiri akajilaza mwambani, Sikudhani akamwegemea ubavuni, wima.

"Nywele zako zinachoma," akasema Sikudhani.

"Vumilia," akasema Ngiri. "Nami unanitekenya."

Jua lilipoanza kushuka, Mama akaruka. "Mwanangu!" Mwanawe huyo, anatafuna mvumbasi. Mama akawatazama mmoja mmoja, akalia.

"Nitawalipa nini?"

"Eti?" akasema Bi Kobe.

"Nasema, nitawalipa nini?"

"Sisikii," akasema Bi Kobe. Na safari hiyo alikuwa amesikia vizuri sana.

Je, Sikudhani alipona? Hakupona. Korongo hakukosea. Alikua na kifua chake, akacheka, kikabana, akakalishwa, akacheka tena. Lakini mama alipata kulala. Akanenepa. Akapata hata nguvu za kugombana na Bi Kanga, nani akae penye jua.

Asubuhi moja Ngiri alipita mbio, mkia juu. "Poleee!" Kisha akakumbuka. Akafunga breki, akarudi, akakaa kitako.

"Pole, Mama Sikudhani," akasema, akangoja.

Mama akafikiri kwanza. Hakusema nishapoa.

"Leo nimelala," akasema.

Basi, wanangu, mama anayeuguza haambiwi pole ya kupita. Ukisema pole, kaa. Nishapoa ni jibu la adabu, ngoja jibu la pili. Ukishalisikia, mshike mkono kwa kazi, si kwa maneno.

Hadithi yangu imeishia hapo, na maharage naona yamekwisha kuchambuliwa. Yakiiva, bakuli la kwanza ni la Mama Hamida wa ng'ambo ya njia. Nilimsikia leo asubuhi akijibu nishapoa. Na atakayelipeleka asiliache mlangoni. Aingie, akae.