Sola Iliyotazama Barabara

"Sola hutazama jua, haitazami wapita njia." Ndiyo, ni methali, msinicheke! Mnadhani methali zote zilizaliwa kabla ya mabati? Shangazi yenu amemwambia hivyo bwana harusi leo alipoanza kujionyesha kwa wageni, naye akanywea, nanyi mmebaki kuulizana maana yake. Basi methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Upareni. Na wewe weka hiyo simu chini.

Palikuwa na mjane aitwaye Nakiete, akiishi na baba mkwe wake, Mzee Kajiru, na mwanawe Eliamini. Mtoto alikuwa na pumu. Kifua kikimbana, alivutishwa dawa kwa mashine ya mvuke, na mashine ilitaka umeme. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia bondeni. Walimkimbiza kwa jirani mwenye jenereta, na jenereta ile, jamani, ilikuwa na siku zake za kununa.

Aweke sola au asiweke? Nakiete aliwaza usiku na mchana. Aliogopa mabati yakitobolewa mvua itaingia ndani. Aliogopa radi. Zaidi ya yote aliogopa kungoja, maana miezi ya ukungu ilikuwa inakaribia, na ukungu ulikuwa adui wa kile kifua. Mwishowe akasema liwalo na liwe, akamwita fundi.

Fundi akauliza, "Tunaifunga upande gani wa paa?"

"Mbele, kwenye barabara," akajibu Mzee Kajiru. "Nani atajua tuna sola tukiificha nyuma huko jikoni?"

Nakiete hakubisha. Tena alifurahi. Watu walikuwa wamesema mjane huyu hataweza kitu, basi nao wapite, wainue macho, waone. Wakapita, wakaona, wakasifu. Mwanzoni taa ziliwaka vizuri, mashine ikafanya kazi, na yule mama akaanza kupata usingizi.

Ukungu ukaja. Jioni moja Eliamini akaanza kuvuta pumzi kwa shida, mbavu zikimwingia ndani. Nakiete akawasha mashine. Ikanguruma kidogo, ikazima. Akawasha tena. Kimya.

"Imekula umeme wote?" Mzee Kajiru akauliza.

"Haijala, Baba! Sola yenyewe haikushiba jua!"

Mzee akambeba mjukuu mgongoni, wakashuka mlima mbio mbio mpaka zahanati, Nakiete nyuma yake akiita jina la mwanawe ili asikie kama bado anaitika. Muuguzi akampokea mtoto, akafunga mlango. Wao wakabaki kwenye benchi.

"Baba," Nakiete akasema, "maharage tunayaanika wapi?"

"Nyuma ya jiko. Mbele hayakauki. Jua likivuka kichwa tu, mlima unaliziba."

Mzee akasikia alichokisema mwenyewe. Akashika kichwa.

"Maharage tunayajulia jua lake," Nakiete akasema huku analia. "Lakini sola ya mtoto tumewaanikia watu. Nami nilitaka waione, Baba. Nilitaka sana."

"Mimi ndiye niliyesema, mwanangu. Mungu atusamehe."

Walikaa hivyo, kila mlango ukilia wanashtuka. Hatimaye muuguzi akatoka akawaambia mtoto amepumua, amelala. Nakiete akaketi chini sakafuni.

Walipopanda nyumbani, Mzee Kajiru hakungoja hata chai. Alimwita fundi, akamshikia ngazi kwa mikono yake, sola ikahamishiwa nyuma, juu ya jiko, penye moshi lakini penye jua hadi jioni. Ukungu ulipofunguka kidogo tu mchana, ilikunywa jua lote lililokuwepo.

Siku moja bwana mmoja akasimama barabarani, akatazama paa tupu, akapaza sauti kwa kejeli: "Mzee Kajiru! Ile sola yenu ya fahari mmeiuza?"

Ndani, mashine ilikuwa inanguruma, na Eliamini anavuta dawa yake taratibu, kichwa mapajani mwa mama. Mzee alisikiliza kwanza ile pumzi, ikiingia na kutoka. Kisha akamjibu yule bwana:

"Sola hutazama jua, haitazami wapita njia."