Taa ya Kulia ya Lori la Sajenti

Wahenga hawakuwa na malori, lakini walijua kwamba chombo kinachoongozwa na kila mwenye mdomo hakifiki kiendako, hata kama waongozaji wote ni hodari na wana nia njema. Tena nia njema ndiyo mbaya zaidi. Mwenye nia mbaya utamfukuza, lakini huyu mwingine utamkaribisha chai na kumpa bisibisi. Anayebisha na asikilize kisa cha Sajenti.

Sajenti alikuwa dereva wa jeshi tangu ujana wake. Alipostaafu, jeshi lilikuwa likiuza magari yake makuukuu, naye akalinunua lori lile lile alilolizoea. Lilikuwa limefifia rangi, refu kwenda juu, na likiwashwa lilikohoa mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mkewe hakulipenda hata kidogo. Binti yao alilipenda sana, kwa sababu tangu utotoni baba yake alikuwa akimwahidi kwamba siku ya harusi angempeleka mwenyewe, kwa mikono yake, ndani ya lori hilo. Ahadi hiyo Sajenti aliitunza kama mboni ya jicho.

Siku ikawadia. Harusi ilikuwa jioni, katika ukumbi uliokuwa chini ya mteremko, ng'ambo ya njia panda. Wakwe walijitolea kuleta gari jeupe lenye viti vya ngozi. Sajenti akakataa katakata. Asubuhi, alipolijaribu lori, taa ya kushoto ikawaka na ya kulia ikanuna. Pale njia panda hukaa askari wa barabarani ambaye jua likizama hapitishi gari lenye chongo, hata likiwa limebeba nani.

"Basi sikiliza," mkewe alimwambia. "Ikifika saa kumi na moja taa hiyo haijawaka, naita gari jeupe."

"Itawaka," alisema Sajenti.

Akachukua msasa na spana, akapiga magoti mbele ya bampa. Hakuchelewa kuliona tatizo. Waya mfupi mweusi, ule unaoifunga taa na chuma cha bodi, ulikuwa umeshika kutu. Akausugua, akaukaza, akainuka kwa furaha ili aombe mtu awashe swichi. Kazi ilikuwa imekwisha, na laiti dunia nzima ingekuwa imelala wakati huo, hadithi hii ingeishia hapa.

Lakini ndani ya lori alikuwamo shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa umeme wa majumbani. Alikuja mapema kwa ajili ya chakula, na alipoona swichi mbele yake mkono ukamwasha. Swichi ya lori la jeshi si kama ya ukutani. Ina hatua kadhaa, na mojawapo ni ya wakati wa vita, ambayo huzima taa kubwa ili adui asione msafara. Shemeji akaizungusha mpaka hapo, akaridhika.

"Shemeji, washa!" Sajenti aliita.

"Nimewasha zamani!"

Taa zote mbili zikawa giza. Sajenti akashika kiuno. Kumbe waya si tatizo, akawaza, na akaufungua tena ule waya aliokwisha kuutengeneza.

Wakati huo jirani yao, Mzee Redio, alikwisha kuvuka uzio. Alipewa jina hilo kwa kutengeneza redio, na pia kwa kutozimika. Mkononi alibeba kikopo cha balbu za magari madogo.

"Balbu hiyo imekufa, jirani," alitangaza kabla hajafika.

"Balbu ni nzima," alisema Sajenti.

"Swichi ndiyo mbovu," Shemeji alipiga kelele kutoka ndani.

Mzee Redio alikwisha kuinama mbele ya taa. Akaichomoa balbu na kuiweka chini, na Sajenti, katika kurudi nyuma ili atazame vizuri, akaikanyaga. Ikalia kru.

"Sasa imekufa kweli," Mzee Redio alisema, akiwa ameshinda mjadala.

Mke wa Sajenti akatoka mlangoni na mwiko mkononi. "Hivi kwa nini mmoja wenu asifanye, wengine wakakaa kwenye benchi?"

"Umoja ni nguvu, dada," Shemeji alijibu.

"Umoja si kila mtu kushika bisibisi," alisema, akarudi jikoni.

Walicheka. Kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake kimyakimya bila kumwambia mwenziwe anafanya nini. Maana kumwambia mwenzako ni sawa na kumwomba ruhusa, na hapo hapakuwa na wa kuomba ruhusa. Shemeji akazungusha swichi upya. Sajenti akaurudisha waya wake. Mzee Redio akapachika balbu kutoka kikoponi mwake.

Taa ikawaka! Ikawaka kwa mwanga mkali mweupe, watatu wakapiga ukelele wa ushindi, halafu balbu ikapasuka pwaa.

Kila mmoja alimtazama mwenziwe kwa jicho la lawama. Shemeji alimlaumu Sajenti kwa waya. Sajenti alimlaumu Shemeji kwa swichi. Mzee Redio peke yake alikuwa akifikiri, na kufikiri kwake hakukuwa kwa bure. Lori la jeshi hutumia betri mbili zilizounganishwa pamoja, na balbu ya gari dogo imezoea nguvu ya betri moja tu. Akazunguka upande wa pili, akafungua kisanduku cha betri, akaitenga betri moja. Kisha akaweka balbu zake kulia na kushoto.

"Washa!"

Taa zote mbili zikawaka, zikatulia, hazikupasuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Ilikuwa bado kidogo tu saa kumi na moja. Sajenti alikumbatiwa na kila aliyepita, na macho yake yalilengwa na machozi ambayo aliyasingizia vumbi.

"Ilikuwa swichi," Shemeji aliwaambia wageni.

"Ilikuwa waya," alisema Sajenti.

Mzee Redio alitabasamu tu.

Bibi harusi akatoka akiwa na shela. Akapandishwa kwa ngazi, akakaa karibu na baba yake. Sajenti akavuta pumzi na kubonyeza stata. Stata ikasema tk. Akabonyeza tena. Tk.

"Nani amegusa betri?"

"Nimepunguza kidogo," Mzee Redio alisema.

"Nani alikuambia upunguze?"

"Kwani nani aliniuliza?"

Wakirudisha betri, lori lingewaka na balbu zingepasuka. Wakiiacha, taa zingewaka na lori lisingetikisika. Balbu ya asili ya upande wa kulia ilikuwa unga. Ukumbini walikwisha kuanza kupiga simu.

"Tusukume!" Shemeji aliamuru. "Likishika mteremko litawaka lenyewe."

Wazo lilikuwa zuri. Wageni wakavua makoti, wakasukuma, na lori likaanza kujongea kuelekea mteremkoni. Ubaya ni kwamba aliyewaza ni mmoja na walioongoza ni watatu. Mzee Redio alikuwa kulia akipiga kelele, "Kata kushoto, kuna jiwe!" Shemeji alikuwa kushoto akipiga kelele, "Kulia, kulia, kuna uzio!" Sajenti, ambaye maisha yake yote alitii amri, alitii zote mbili kwa zamu, kisha akajiamuru mwenyewe anyooshe. Lori likapepesuka mara mbili, likaacha barabara, likainamisha pua taratibu ndani ya mtaro wa maji machafu. Likakwama humo, mkia juu. Taa zake mbili ziliwaka vizuri ajabu, zikimulika vyura.

Hakuna aliyeumia. Sajenti alishika usukani kwa mikono miwili, na safari hii hakusingizia vumbi.

"Nilikuahidi, mwanangu," alisema. "Nimekuaibisha."

Binti yake alitazama vyura, akatazama makoti yaliyotapakaa barabarani, akaanza kucheka mpaka shela likamwanguka.

"Baba, uliahidi kunipeleka mwenyewe. Miguu unayo?"

Akamsaidia baba yake kushuka, akamshika mkono, wakateremka barabarani kwa miguu, wageni wote nyuma yao. Shemeji na Mzee Redio wakakimbilia mbele ili kuonyesha njia. Mmoja akaelekeza mkono kushoto, wa pili kulia.

"Nyinyi wawili," bibi harusi alisema, "rudini nyuma."

Wakarudi. Baba na binti wakashika njia moja, wakafika ukumbini kabla giza halijaingia, huku nyuma yao lori likiendelea kuwamulikia vyura. Hakika, nahodha wengi, chombo huenda mrama.