Nusu Kichwa cha Afisa

Kinyozi Kibwana alijisifu kuwa ameshanyoa mabara matatu, ingawa mtaa mzima ulijua kila aliyetoka kwake alivaa kofia mwezi mzima. Asubuhi moja Afisa Shelukindo wa halmashauri akaja na tingatinga kubwa kama mlima.

"Amri ya jiji! Saa nne kamili vibanda vyote vinavunjwa. Nitakayemkuta kazini baada ya hapo, vifaa vyake nabeba!"

"Sawa, mkuu. Ila Meya anakuja na wapiga picha, nawe una nywele hizo? Kaa nikunyoe bure, robo saa ipo."

Afisa akakaa. Kibwana akanyoa upande wa kulia, taratibu kumshinda kobe. Saa nne ilipofika akazima mashine.

"Malizia, we mzee!"

"Na amri je, mkuu? Niandikie ruhusa, na muhuri. Tena umeme nauvuta kwa Mama Siwatu wa chapati, naye kauvuta kwa fundi viatu, mpaka mwisho wa mtaa. Ukivunja kimoja, mashine haiwaki."

Honi ya gari la Meya ikalia kwenye kona. Afisa akaandika mbio: vibanda vyote viendelee na kazi.

Kibwana akampa Meya ruhusa ile, Meya akaisoma, tingatinga likageuzwa. Kwenye picha za siku ile Meya anacheka, na afisa, ingawa alimaliziwa kunyolewa, kavaa kofia.