Pilipili ya Mpakani

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Mmesikia shangazi yenu akiambiwa hivyo kisimani, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, methali hii ilianza hivi.

Bi Somoe alilima mpunga bondeni, na ugomvi wa kila nyumba aliuamua yeye. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijitwika mwenyewe, na ilikuwa imemchosha kuliko jembe. Mwaka huo mumewe, Mzee Chande, alivimba mguu, hakuweza kupanda dungu, jukwaa la mlinzi shambani, kuwinga ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na ndicho chakula chao cha mwaka mzima. Bi Somoe akawinga peke yake, alfajiri hadi magharibi.

Asubuhi moja, akiwa juu ya dungu, alisikia Tausi na wifi yake Mwajabu wakitukanana ng'ambo ya kijito. Waligombania mche wa pilipili ulioota mpakani. Magoti yalimuuma, usingizi ulimlemea, lakini alishuka, akaenda.

Alikaa nao mpaka jua likawa utosini. Alipima mpaka kwa hatua, akaita mashahidi, akatukanwa na wote wawili. Mwishowe Mwajabu alileta muhogo wa kuchoma, Tausi akachuma pilipili, wakaketi kula pamoja.

"Huyu naye, kwake hakuna kazi?" Tausi alimuuliza wifi yake, wala hakushusha sauti.

Bi Somoe aliporudi, ndege walikuwa wameshiba. Masuke yalisimama wima, mepesi, hayana punje za kuyainamisha. Mumewe alikuwa amejikokota hadi ukingoni mwa shamba, ameketi matopeni na bonge la udongo la kurushia ndege mkononi.

"Nimekuita mpaka sauti imekauka, Somoe."

"Tausi na Mwajabu walikuwa wanagombania pilipili."

"Wewe umeila?"

"Sikuila."

"Basi pilipili usiyoila, mke wangu, yakuwashiani?"

Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Bi Somoe aliketi kando yake, akalia kwa uchovu na aibu.

Kesho yake walikuwa wakiokota masuke yaliyosalia, mojamoja, jirani alipomwita kutoka njiani. Watu wanagombana kisimani, aje upesi awaamue.

Bi Somoe hakuinua kichwa.

"Pilipili usiyoila," alisema, "yakuwashiani?"