Kadi Haikai Matanga

Kadi haikai matanga. Ndivyo nilivyomjibu mjukuu wangu Ombeni asubuhi hii, aliponiambia nisijisumbue kwenda kwa Mama Chausiku, jirani yetu aliyefiwa na mumewe. Alitaka nimtumie ujumbe wa pole kwenye simu, wenye picha ya mshumaa, basi, yaishe. Ombeni na dada yake Tunu wakatazamana, kisha wakaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Nilikuwa nimeshika kanga mkononi na hasira kifuani. Nikaketi kwanza.

Nyie mnadhani methali zote zilitungwa na wazee waliokufa zamani, nikawaambia. Hii ilizaliwa nikiona kwa macho yangu, hapa hapa Muheza, nyumbani kwa kaka yangu Stefano, na nikiikumbuka siku ile damu bado inanichemka. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kijana akiitwa Zakayo Mkufya, mwandishi wa kujitegemea. Hakuajiriwa na mtu. Ukitembelewa na mgeni rasmi, alikuandikia risala. Ukiwa na harusi, alimwandikia baba wa bibi harusi hotuba yake. Ukifiwa, aliandika wasifu wa marehemu, na wasifu wake uliwaliza hata waliokuwa na ugomvi naye. Kalamu alikuwa nayo, simnyimi haki yake. Lakini alipofika mjini hapa hakuna aliyemjua, na mwandishi asiyejulikana ni mtu anayekaa kibarazani akitazama barabara.

Aliyemtoa kibarazani ni wifi yangu Hilda, mke wa Stefano. Akina mama wa kanisa walipotaka kumsomea askofu risala, Hilda akasema yupo kijana anaweza, mwacheni ajaribu. Tangu hapo kila penye watu alimtaja. Kwenye harusi, kwenye mahafali, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga alikuwa akisema, "Huyu ni kijana wetu, mpeni kazi." Wengine aliwafuata majumbani kwao, na miguu yake ilikuwa ikivimba. Zakayo akamwita mama. Siku akikosa kazi alipita pale jikoni, akakuta chakula chake kimefunikwa kawa.

Jina lake likakua. Akaenda semina Dar es Salaam, walikofundishwa namna ya kutafuta wateja, akarudi na maneno mapya.

"Shangazi," aliniambia, "kila penye mkusanyiko pana soko. Mwandishi mwerevu haondoki mahali bila kugawa kadi."

Akachapisha kadi ngumu zenye kingo za dhahabu: Zakayo Mkufya, Mwandishi. Risala, Hotuba, Wasifu. Neno lako, kalamu yangu. Mimi alinipa mbili. Moja niliikunja nikaegeshea mguu wa meza uliokuwa ukiyumba, na kwa kazi hiyo ilifaa sana. Kuanzia hapo tuliomlea tukawa watu wa mwisho kutembelewa. Hilda hakulalamika, alisema kijana ana majukumu. Nililalamika mimi kwa niaba yake.

Mwaka ule chama cha wakulima wa machungwa, ambacho Stefano alikuwa mwenyekiti wake, kiliamua kuandikiwa kitabu cha historia yake. Zakayo aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Alikuwa amechoka kuandika maneno yanayosomwa mara moja kisha yanakunjwa na kutupwa. Alitaka kitabu chenye jina lake juu ya jalada. Na Stefano alikwisha kumwambia, mbele ya Hilda, "Mwanangu, hiyo ni yako. Tungoje kikao tu."

Kabla kikao hakijakaa, Hilda akafa. Asubuhi alisema kichwa kinamgonga, jioni hatukuwa naye.

Stefano alimpigia Zakayo simu mwenyewe, nami nimekaa ubavuni pake. "Mwanangu, mama yako ametutoka. Njoo umwandikie wasifu wake. Wewe ndiye unayemjua."

Zakayo alilia kwenye simu, nilimsikia. Akasema, "Nakuja, baba."

Hakuja! Baadaye tulijua kwamba wakurugenzi wa makampuni walikuwa na mkutano hotelini Tanga mjini, naye alikuwa amepata mwaliko. Tanga hapo! Ukisinzia garini unapitilizwa kituo. Siku ya maziko tulimngoja mpaka padri akaanza kutazama saa. Wasifu hakuna. Stefano akasimama mwenyewe kando ya jeneza, akasema, "Hilda, mke wangu," akafungua kinywa tena, pasitoke kitu, akaketi. Mwanamke aliyewasemea watu wote mji huu akazikwa bila kusemewa. Hasira yangu ilianza hapo, na sijaimaliza.

Sasa sikilizeni lililofuata. Kesho yake wanaume walikuwa wamekaa jamvini nje, sisi wanawake tuko uani tunapika, mara bodaboda ikaingia. Dereva wake, mtu mzima mwenye adabu zake, akavua kofia ngumu, akafungua bahasha, akampa Stefano kadi kubwa ya rambirambi, ina maua ya zambarau na maneno mazuri ajabu. Kumbe bahasha haijaisha. Akatoa kitita cha kadi ndogo, akaanza kugawa pale jamvini, mtu mmoja mmoja. Watu wakapokea kwa mikono miwili wakidhani ni sala ya kumwombea marehemu. Mzee mmoja akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti: "Zakayo Mkufya, Mwandishi. Risala, Hotuba, Wasifu. Neno lako, kalamu yangu."

Nilitoka uani na mwiko mkononi.

"Nani kakutuma?"

"Bwana Zakayo, mama," dereva akasema akirudi nyuma. "Kasema niwape wageni wote, hasa hao wa chama cha machungwa. Mimi nimeagizwa tu."

Nilizikusanya zile kadi ndogo zote nikazitia motoni, chini ya sufuria la maharage. Nilitaka na ile kubwa iwafuate wenzake, lakini Stefano akaushika mkono wangu. Akaichukua, akaiweka jamvini kando yake, mahali ambapo Zakayo angeketi.

"Iache, Blandina," akasema. "Kama ndiyo iliyokuja kukaa, na ikae."

Ikakaa. Watu waliinuka kuteka maji na kupasua kuni, wakarudi, wakajinyoosha pale pale wakalala, na kadi ikabaki ilipowekwa. Umande ukailowesha. Kuku akaikanyaga. Hakuna aliyeigusa.

Siku ya kuanua matanga, chakula kikipakuliwa, ndipo Zakayo alipofika. Shati limenyooka, mkoba wa ngozi kwapani. Akamwinamia Stefano.

"Shikamoo, baba. Pole sana. Kazi zilinibana, lakini nilituma kadi."

"Marahaba, Bwana Mkufya," Stefano akajibu. "Kadi yako ilifika."

Zakayo akasikia Bwana Mkufya mahali pa mwanangu. Mwenye akili angekomea hapo. Yeye akaangaza macho jamvini, akawaona wajumbe wa chama.

"Baba, najua si wakati wake, lakini wajumbe naona wote wapo. Kile kitabu..."

Stefano akaiokota ile kadi, imejikunja kwa umande, akaisimamisha juu ya kigoda mbele ya watu wote.

"Tumuulize aliyekuwapo," akasema. "Wewe kadi! Hilda alipozikwa, ulishika sepetu?"

Hakuna aliyecheka.

"Ulichota maji? Nilipokosa usingizi, ulikaa macho na mimi? Nilipotaka kumsemea mke wangu nikashindwa, ulinisaidia kusema?" Sauti ilikuwa inapanda. Tangu tuzaliwe tumbo moja sikuwahi kumsikia kaka yangu akipiga kelele. "Haijibu! Umeniletea mjumbe asiyejibu, Bwana Mkufya! Basi habari za kitabu nitazungumza naye siku atakapofungua mdomo!"

"Baba, nisamehe. Nilikuwa natafuta wateja. Sina mshahara mimi, kazi yangu ndivyo ilivyo."

"Wateja alikuletea aliye kaburini! Alikutafutia mlango kwa mlango, kwa miguu ile ile iliyovimba, wewe ukadhani wanaletwa na kingo za dhahabu. Kadi haikai matanga, Zakayo. Mchukue mtu wako, uende naye."

Zakayo akaichukua kadi yake, akatoka. Kabla jua halijazama maneno yale yalikwisha kufika sokoni, na mpaka leo hayajatoka midomoni mwa watu. Kitabu akapewa mtu mwingine. Kusema kweli hakikutoka kitamu, kinasinzisha. Hatukujali.

Masika yaliyofuata baba yake Zakayo akafa, kijijini kwao milimani. Kadi zilikuja nyingi. Ujumbe wa simu kutoka kwa wale wakurugenzi ukamiminika, na kwenye jamvi wakakaa wajomba zake wachache tu. Hayo niliyasikia, na roho yangu ikatulia, sifichi. Mara nikamwona Stefano anatafuta koti lake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Zakayo."

Nikawaka. "Kwa yule? Umemsahau Hilda?"

"Sijamsahau. Na Zakayo sijamsamehe."

"Sasa unafuata nini?"

Akavaa koti, akafunga vifungo vyote. "Nimemkasirikia Zakayo, Blandina. Msiba sijaukasirikia."

Akapanda mlima na hasira zake, akaketi nazo jamvini mpaka matanga yakaanuliwa. Alishika sepetu, na umri ule. Zaidi ya pole hakumwambia Zakayo neno. Waliokuwapo wanasema kijana alikuwa hajatoa chozi, ila alipomwona Stefano akivuka ua alilia mpaka wakamshika. Kaka yangu aliporudi hakumwita tena mwanangu, na kazi hakumpa. Zakayo bado yuko, bado anaandika, na wateja anao. Penye msiba hapa Muheza utamkuta amekunja suruali anachota maji, mfukoni hana kadi hata moja. Mimi salamu yake naiitikia nusu.

Nilipofika hapo Ombeni alikuwa ameinamisha kichwa. Tunu ndiye aliyethubutu kuuliza, kwa sauti ndogo.

"Lakini bibi, wewe na Mama Chausiku si hamsemezani, tangu mbuzi wake walipokula mihogo yako?"

"Hatusemezani," nikamwambia. "Na leo hatutasemezana. Nakwenda kukaa."

Nikainuka nikajifunga kanga. "Ombeni, chukua shoka, kuni hazijipasui. Tunu, beba ndoo. Na hizo simu ziacheni mezani, zisije zikadhani nazo zimealikwa. Kadi haikai matanga."